Kasha la njumu, masinia ya shaba na pembea ya lakiri kwenye fleti karibu na bahari: nisafisheje, nipangeje?

Mrithi_Nyali

Salaam wadau. Vitu vya nyumba ya wazee Mji wa Kale, Mombasa, vinahamia fleti ya ghorofa ya tatu Nyali. Upepo wa bahari unaingia moja kwa moja sebuleni. Vilivyopo ni hivi:

- Kasha la njumu, urefu sm 125, kina sm 52, droo tatu chini, limekaa juu ya miguu yake ya kutenganishwa. Shaba imeingia weusi, na kuzunguka vichwa vya misumari kuna uchafu wa kijani unaonata kama nta.
- Masinia mawili makubwa ya shaba ya manjano. Moja limechorwa, na ndani ya michoro kuna rangi nyeusi na nyekundu. La pili ni tupu.
- Mdila (birika la kahawa), mirashi miwili (ya kunyunyizia marashi) na chetezo (cha kuchomea udi).
- Taa ya mezani ya miaka ya 1970, shaba inayong'aa lakini ina madoa meusi yanayotambaa kama mizizi.
- Pembea ya Kihindi, ile wanayoiita jhula, yenye miti ya kukereza, rangi ya chungwa na maua ya dhahabu, na minyororo ya shaba.

Fundi mmoja anataka kupiga msasa kila kitu cha mbao apake vanishi ya kung'aa, na shaba aioshe kwa ndimu na chumvi. Mwengine anasema asidi ya betri ndiyo inayofanya kazi haraka. Sebule ni mita 4 kwa 5, kuta nyeupe, na kuna AC. Je, niwakubalie? Pembea inaweza kutundikwa kwenye dari ya zege? Na nipange vipi nyumba isije ikaonekana kama duka la watalii?

Njumu_na_Msaji

Wasimamishe mafundi wote wawili kwanza, ndugu. Msasa kwenye kasha unaondoa ngozi ya juu ya mbao iliyokolea kwa miaka ya kushikwa, na unalainisha kingo za bamba la shaba lililokatwa kwa mkono. Kasha likishafika hapo, mnunuzi anayejua hatalipa bei ya kasha la zamani, hata ulipake vanishi mara ngapi.

Kabla ya dawa yoyote, jua unachokishika. Weka sumaku juu ya bamba: isipovuta, ni shaba au metali nyingine isiyo chuma; ikivuta kwa nguvu, ni chuma kilichopakwa shaba juu, na hicho ukikisugua sana utatoboa ngozi yake. Kwenye misumari, sumaku ikivuta kwa unyonge tu maana yake kichwa ni shaba lakini shina lililozama ndani ya mbao ni chuma. Hilo ni muhimu kwako. Hewa ya chumvi ikifika kwenye shina, kutu inavimba na kupasua mbao kutoka ndani, na mbao zenye asidi nyingi ya asili zinaingia weusi kuzunguka tundu. Kwa hiyo maji yasimwagike kamwe juu ya kasha.

Huo uchafu wa kijani unaonata si kutu ya kawaida. Ni mafuta (ya nazi, ya samani, au masalia ya dawa ya kung'arishia) yaliyoungana na shaba. Usiukwangue kwa kisu. Chonga kijiti cha mwanzi, kilowanishe kidogo kwa tapentaini, uutoe msumari kwa msumari, ukifuta kwa pamba kavu. Tapentaini haiyeyushi shelaki (vanishi ya lakiri iliyoyeyushwa kwa spiriti), ambayo ndiyo unayoikuta juu ya makasha mengi ya zamani. Spiriti inaiyeyusha. Ndiyo sababu dawa za kung'arishia shaba zenye spiriti au amonia hazifai kwenye kitu ambacho shaba na mbao vimeshikana.

Ukitaka kuing'arisha shaba ya kasha, chukua unga laini wa kalsiamu kaboneti kutoka duka la kemikali. Chaki ya shuleni iache, nyingi ni jasi na ina punje zinazokwaruza. Vijiko viwili vya unga, maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga mpaka uzito wa mtindi. Kata kipande cha plastiki cha chupa ya maji, toboa tundu linalolingana na kichwa cha msumari, kivishe juu ya msumari ili mbao ifunikwe, kisha sugua kwa kijiti cha pamba. Futa kwa pamba iliyolowana kidogo sana, halafu kavu papo hapo. Unga mweupe ukibaki kwenye kona utaganda na utaonekana miaka yote, kwa hiyo usifanye eneo kubwa kuliko kiganja kwa wakati mmoja.

Mwisho paka nta ya maikrokristalini (nta itokanayo na petroli), tabaka jembamba, iache dakika chache kisha sugua kwa kitambaa cha pamba. Nta ya nyuki ni nzuri kwa mbao, lakini ina asidi za mafuta. Ikikaa juu ya shaba inakurudishia kijani kilekile ulichotoka kukitoa.

Maoni yangu binafsi: usifike kwenye mng'aro wa kioo. Toa uchafu, toa kijani, acha shaba na rangi yake ya asali iliyokolea. Kasha lililong'arishwa kupita kiasi linafanana na lile lililotoka karakana wiki iliyopita.

Bi_Udi

Naongezea kwenye masinia, na naomba usikilize hasa kwa lile lenye rangi. Hiyo nyeusi na nyekundu ndani ya michoro ni lakiri, utomvu wa wadudu, uliojazwa kwenye mifereji ukiwa moto kisha ukasawazishwa. Ni kazi inayojulikana sana ya Moradabad, India, na masinia ya namna hiyo yalifika pwani yetu kwa wingi. Lakiri inalainika kwenye joto la takribani nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi na inayeyuka kwenye spiriti. Maana yake:

Usilioshe kwa maji ya moto. Usiliweke juani likauke. Usitue juu yake mdila uliotoka jikoni. Weka kitu katikati. Na kama kuna mtu ana mazoea ya kupuliza dawa ya mikono au marashi yenye spiriti juu yake, rangi itatoka vipande vipande na kuijaza upya kunahitaji mtu wa fani hiyo. Kwa kulisafisha, maji vuguvugu na tone moja la sabuni ya maji, kitambaa laini, futa kwa kufuata michoro, kausha.

Sinia tupu ndilo unaloweza kulisafisha kwa ukwaju kama walivyofanya akina bibi, ila bila chumvi. Loweka ukwaju wa kiasi cha yai kwenye kikombe cha maji, pakaza, sugua dakika mbili tatu, suuza. Kisha suuza tena kwa maji yenye kijiko cha bikaboneti ya soda kwa lita, ili asidi iliyobaki ife, na kausha kwa kitambaa usiliache lijikaukie.

Kwa nini si ndimu na chumvi? Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, mara nyingi zinki ni theluthi moja au zaidi kidogo. Asidi inaitoa zinki kwanza. Likikaa muda mrefu, sinia linatoka na mabaka ya waridi: hayo si uchafu, ni shaba nyekundu iliyobaki baada ya zinki kuondoka, na hayatoki ila kwa kusugua mpaka chini. Chumvi nayo inaacha kloridi kwenye vitundu vidogo, na baada ya wiki kadhaa unaona unga wa kijani unachipuka. Karibu na bahari tayari una chumvi ya kutosha hewani, usijiongezee. Asidi ya betri hata tusiijadili.

Halafu kitu kimoja cha usalama: sinia au tasa la shaba ambalo halijatiwa bati ndani lisipakuliwe achari, mbatata za ndimu wala chochote kichachu. Kahawa tungu kwenye vikombe na tende juu ya sinia haina tatizo.

Chetezo: majivu na masizi ya udi yatoe kwa brashi kavu kila baada ya kuchoma. Majivu yakishika unyevu yanakula shaba kutoka ndani, na ndiyo maana vyetezo vingi vinatoboka chini kabla ya kwingine. Weka mchanga mkavu au kibakuli kidogo cha udongo ndani, kaa likae hapo. Mirashi ukimaliza kuitumia imwage, isuuze kwa maji safi na uiache wazi. Marashi yaliyokaa ndani yanaacha ukungu wa kijani shingoni, mahali ambapo brashi haifiki.

Seremala_Tanga

Nianze na pembea maana ndiyo inayoweza kuua mtu.

Kwa ulivyoieleza, rangi ya chungwa, maua ya dhahabu, miti ya kukereza, hiyo ni kazi ya Sankheda, mji wa Gujarat. Familia nyingi za Kigujarati Afrika Mashariki wanazo. Mbao ni msaji (mtiki). Maua hayo si dhahabu: yanachorwa kwa rangi ya unga wa bati, kisha lakiri inayopakwa juu ndiyo inayoyapa manjano. Ukipiga msasa, hata ule laini kabisa, unaondoa lakiri na maua yanageuka rangi ya fedha. Hakuna kurudi nyuma. Vanishi ya kisasa nayo ina tina (kiyeyusho cha rangi) ndani, na tina inaweza kuichachamalia lakiri ikakunjamana kama ngozi ya maziwa.

Usafi wake: brashi laini kwa vumbi kwenye mikato ya kukereza, kisha kitambaa kilichokamuliwa sana, kisha kavu. Basi. Pale lakiri ilipobanduka, tone la shelaki safi kwa brashi nyembamba linatosha kushika kingo zisiendelee.

Sasa kutundika. Minyororo hiyo ya shaba usiiamini kubeba watu. Pete za mnyororo zilikunjwa, na shaba iliyokunjwa hubaki na mkazo ndani. Ikikutana na amonia na unyevu kwa muda inapasuka ghafla bila kupinda kwanza. Jambo hili lilijulikana kutokana na maganda ya risasi ya jeshi la Waingereza huko India, yaliyokuwa yakipasuka ghalani msimu wa mvua kwa sababu ya amonia iliyotoka kwenye mazizi ya farasi. Nyumbani amonia inatoka kwenye sabuni za vioo na dawa za kung'arishia. Kagua kila pete kwa lenzi, mistari myembamba kama unywele upande wa ndani wa kunjo ni dalili ya hatari.

Hesabu ya uzito: watu wazima wawili kilo 160, pembea yenyewe sema 50, jumla 210. Inapobembea mzigo unaongezeka, kwa hiyo zidisha mara mbili: zaidi ya kilo 400. Dari ya fleti nyingi za sasa ni ya matofali yenye mashimo na mihimili midogo ya zege katikati. Boliti ya kupanuka ikiingia kwenye tofali lenye shimo inashika hewa. Hata kwenye zege kamili, kulabu inayoning'inia dari inavutwa chini muda wote na kutikiswa kila siku, ndiyo hali mbaya zaidi kwa boliti ya kupanuka. Bila mhandisi aliyeona mchoro wa jengo, usitundike.

Suluhisho ni fremu ya kusimama sakafuni. Nyingi za Sankheda huja na fremu yake, ulizia kama imebaki nyumba ya zamani. Kama haipo, tengeneza ya msaji au mvule, nguzo za sm 10 kwa 10, na mzigo ubebwe na kamba ya waya wa chuma cha pua wa mm 6 inayopita pembeni mwa mnyororo wa shaba. Mnyororo unabaki pambo, waya ndio unaofanya kazi. Fremu ya mita 2 inahitaji nafasi ya nusu mita mbele na nyuma kwa ajili ya kubembea, kwa hiyo pima sebule kabla hujaagiza mbao.

Kuhusu bungua, wadudu wanaotoboa mbao: geuza kasha, angalia chini ya droo. Unga mpya, mweupe na laini, maana yake wako hai. Unga wa kijivu ulioshikana ni wa zamani. Msaji wa ndani hawaupendi sana, wanaanza na mbao za chini zilizobadilishwa kwa mbao rahisi. Dawa yenye permethrini iingizwe tundu kwa tundu kwa sindano kutoka ndani, isiguse uso wa nje.

Mrithi_Nyali

Shukran sana, nimeshawaaga mafundi. Fremu ya pembea ipo, imevunjwa vipande. Taa ya 1970 je? Na je, kuna njia ya kujua kasha ni la zamani kweli? Jirani anasema yote hutengenezwa Zanzibar. Tena, dada yangu aliye Toronto anataka mrashi mmoja na sinia lenye rangi.

Njumu_na_Msaji

Taa: madoa kama mizizi maana yake shaba ilipuliziwa vanishi safi kiwandani, sasa imepasuka na hewa inapita chini yake. Hakikisha kwa kijiti cha pamba chenye asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, mahali pasipoonekana: ikinata, vanishi ipo. Kung'arisha juu yake ni kazi bure. Chomoa umeme, toa kikombe cha balbu na waya, fungua vipande, futa vyote kwa asetoni kwenye baraza lenye hewa, mbali na moto. Kisha chagua: ama upulize upya ndani ya saa chache kwa mtu mwenye chumba kisicho na vumbi, ama uache wazi na nta. Karibu na bahari mimi nashauri nta. Tabaka la vanishi likipata mkwaruzo mmoja, miezi kadhaa baadaye mizizi inarudi. Waya wa 1970 ubadilishwe bila mjadala, na kwa kuwa mwili ni metali, uwekwe waya wa tatu wa kutuliza umeme ardhini.

Kasha: jirani ana nusu ya ukweli. Zanzibar na Lamu wanatengeneza hadi leo, na mengine ni kazi nzuri kabisa. Lakini mengi ya zamani yalikuja kwa majahazi kutoka India, Surat, Bombay na pwani ya Malabar, kwa msaji au sisamu (mbao nyingine ngumu ya India). Angalia skurubu: zenye kichwa cha alama ya msalaba hazikuwapo kabla ya miaka ya 1930. Skurubu zinaweza kuwa za matengenezo, kwa hiyo usihukumu kwa hiyo peke yake. Vuta droo: ndani na nyuma mbao inapaswa kuwa tupu na imefifia kwa hewa, ikiwa imepakwa rangi ya kahawia kila mahali, mtu anaficha kwamba kasha ni jipya. Misumari ya zamani haijipangi sawasawa kwa rula. Kishubaka cha ndani, upande wa kushoto au kulia, kitikise na kivute taratibu, mengi yana sehemu ya siri chini au nyuma yake. Msumari ukilegea, usiugonge tena kwenye tundu lilelile. Utoe, jaza tundu kwa kibanzi cha mbao ya aina hiyo na gundi ya mbao, ngoja ikauke, kisha urudishe kwa nyundo yenye kipande cha ngozi mdomoni.

Ukuta_na_Mwanga

Kuhusu upangaji. Kosa la kawaida ni kuweka vyote vionekane kwa pamoja. Una vitu viwili vikubwa vinavyovuta macho, kasha na pembea, na vinashindana kwa sababu moja ni kiza na jingine linang'aa kwa rangi. Viweke kwenye kuta zinazokabiliana, visikae ubavu kwa ubavu. Pembea iwe ndiyo kitu pekee chenye mng'aro. Shaba nyingine zote ziache na rangi yao tulivu.

Kasha likae sm 5 hadi 8 mbali na ukuta hewa ipite nyuma, na miguu yake irudi, usilitue sakafuni. Watu wengi huweka televisheni juu ya kasha. Joto si tatizo sana, tatizo ni nyaya: mtu hutoboa mgongo wa kasha kuzipitisha. Usitoboe.

Sinia tupu, kama lina sm 70 hivi, litafaa kuwa meza ya kahawa juu ya miguu ya kukunja, kimo sm 42 hadi 48 kufuatana na kochi, na liachie nafasi ya sm 40 kwa magoti. Weka pete ya kitambaa cha pamba juu ya miguu ili lisilie kila likiguswa. Usitumie sufu, ina salfa inayotia shaba weusi.

Mdila, mrashi na chetezo vipewe zidaka (vishubaka vya ukutani). Fleti haina ukuta mnene wa matumbawe, lakini rafu ya jasi yenye kina cha sm 20, iliyogawanywa vyumba vya sm 30, inatoa picha ileile. Kitu kimoja kwa kila chumba, na viwili viachwe vitupu. Chini ya hapo mkeka wa Lamu au busati la rangi moja. Zulia lenye maua litagombana na maua ya pembea.

Mwanga ndio unaofanya shaba. Balbu za kelvini 2700 (mwanga wa manjano tulivu) kutoka ubavuni, si kutoka dari. Mwanga wa moja kwa moja juu ya shaba unatoa doa jeupe na kuua michoro. Jua la dirishani lisiguse lakiri kabisa, pazia jepesi linatosha mchana. AC isielekezwe kwenye kasha wala pembea: mbao inayokauka ghafla kila jioni na kuvimba kila asubuhi inapasuka, na lakiri haina uwezo wa kunyumbuka nayo. Heri unyevu wa asilimia 65 usiobadilika kuliko 45 usiku na 80 mchana. Kipimo cha unyevu cha bei rahisi kiweke ndani ya kasha.

Seremala_Tanga

Ya Toronto yana sehemu mbili. Ya kisheria: sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kama mambo ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kuvitoa nje kunahitaji kibali. Peleka picha na vipimo ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyo Fort Jesus kabla ya kufunga chochote, hata kama unaamini ni vya baadaye.

Ya kufungasha: sinia la lakiri lisigusane na plastiki yenye vipovu, kwenye kontena la joto vipovu vinaacha alama kwenye lakiri. Lizungushie shashi nyeupe isiyo na asidi, tabaka tatu, kisha kitambaa cha pamba, ndipo plastiki nje. Magazeti yasitumike, wino na asidi ya karatasi vinatia shaba madoa. Mrashi fungua shingo na kichwa chake, kila kipande peke yake, na weka pakiti mbili za vikausha unyevu ndani ya boksi. Mwambie dada asilitundike sinia juu ya kipasha joto cha ukutani wakati wa baridi.